Mzee Springi Anafunga Laini

Karakana ya Makochi,
9 Januari

Mpwa wangu Chiriku,

Nikusalimu haraka kabla kalamu haijadaiwa, maana ni ya kuazima kwa fundi vitanda jirani yangu na ameshaanza kuitolea macho. Hujambo? Wenzako kazini hawajambo? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona? Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea kunishinda. Lile birika la umeme ulilozawadiwa kazini ukamletea analichemsha hata asipotaka chai, mradi mgeni alione likizima lenyewe. Kila anayeingia lazima asikilize habari za binti yake, mfanyakazi bora wa mwezi katika kampuni ya simu. Mimi dada yangu simkatazi. Nikiwa karakana nasema hayo hayo.

Kazi inakwenda. Sponji imepanda bei, springi nzuri zimekuwa adimu, lakini makochi ya watu hayaachi kubonyea, kwa hiyo tunakula.

Sasa lililonikalisha kitako. Nimekuandikia kwa sababu simu yako saa za kazi inafungiwa kabatini, na jioni ukiipokea unajibu kama mtu aliyepigwa ganzi. Unakumbuka ile laini ya mkataba niliyochukua pamoja na simu yake. Mkataba ulikuwa uishe Desemba. Asiyetaka kuendelea anatakiwa apige simu mwezi mmoja kabla, aseme anafunga. Asiposema, anaongezewa mwaka mzima. Mimi siku hizi laini ya kuweka vocha inanitosha, kwa hiyo Novemba nikapiga. Nikapiga tena. Nikapiga na mara nyingine. Kila mara nilipokelewa vizuri, na kila mara simu ikakatika kabla sijafika kwenye shida yangu.

Siwalaumu wapokeaji. Mara mbili nilimpata binti mmoja anajiita Bi Tulivu. Chiriku, yule mtoto kalelewa. Siku hizi ukimwambia mtu hujambo anakujibu "sema". Yeye aliitikia salamu zangu zote, akauliza kazi, akauliza nyumba, akauliza hata goti la dada yangu. Mara ya pili niliiweka simu mezani nimefurahi, ndipo nikakumbuka kwamba sijasema nilichopigia.

Juzi bili imekuja. Nimeongezewa mwaka, na nikitaka kutoka nilipe ada ya kuvunja mkataba, ambayo ni karibu nusu ya bei ya mashine ya kushona. Nikawauliza kwa nini. Wakasema hakuna kumbukumbu kwamba niliomba kufunga laini. Kwao mimi ni mteja niliyependa kubaki.

Ningeweza kununa nikalipa kidogo kidogo, lakini kuna jambo. Chama chetu cha mafundi kitakopesha mashine ya kushona ngozi mwezi wa Mei, na sharti lao ni kwamba mwombaji asidaiwe na kampuni yoyote. Hospitali inataka viti vyake vyote vya kusubiria vivalishwe upya, na kazi hiyo bila mashine ile siiwezi. Sindano ya mkono inanikatalia siku hizi, vidole vimekuwa vigumu. Nisipoipata mashine mwaka huu, sioni nitakavyoendelea na karakana.

Wewe uko hapo hapo, upande wa hesabu. Niambie nimwone nani.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula.

Mjomba wako,
Mzee Springi


Chumbani kwangu,
3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyechelewa. Sijambo. Kikohozi kilipona kikarudi, ni ile baridi ya mashine za ofisini. Tunavaa masweta ndani na nje watu wanatoka jasho. Chumba ni kile kile, mwenye nyumba ameongeza kodi na hajaongeza maji. Mwambie Mama ninakula.

Nimefurahi kwamba goti lake linapata nafuu.

Kuhusu laini, mimi siwezi kukusaidia nikiwa huku hesabu. Mambo ya kufunga laini yana watu wake na ghorofa yao, hatujuani. Jaribu kwenda tawini na mkataba wako. Wakikuambia upige simu, basi piga, lakini Mjomba, usisalimie. Najua utakasirika. Akipokea tu, mwambie: "Nafunga laini, sitaki ofa." Atakupa ofa. Rudia maneno hayo hayo. Atakupa nyingine. Rudia tena. Baada ya mara ya tatu hana ruhusa ya kuendelea, lazima aandike. Akikuuliza habari za nyumbani, usijibu kitu.

Sina mengi. Kazi nyingi.

Mpwa wako,
Chiriku


Karakana,
17 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo huko kwenye baridi ya kununua? Kodi ikizidi, sema, chumba chako hapa hakuna aliyekilalia isipokuwa mabunda ya vitambaa vyangu. Mama yako mzima. Amegombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, wakapatana siku hiyo hiyo, sasa wanaanika pamoja na kusengenya wengine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilidhani umeandikiwa na mtu. Nisisalimie! Chiriku, nimelea watoto wa watu katika hii karakana na wote niliwafukuza siku ya kwanza waliyoingia kimya, wakarudi wakabisha hodi. Hata hivyo nilikwenda tawini kama ulivyosema. Wana makochi pale ya kungojea, mekundu, yamepigwa pini bila mkanda wa kushikilia sponji chini. Nilikaa nikazama mpaka magoti yakagusa kidevu. Binti wa dirishani akaniambia kufunga laini ni kwa simu tu. Nikamwambia mimi niko hapa, na wewe uko hapa, na mkataba huu hapa. Akasema ni kwa simu tu, mzee, tena akanionea huruma kabisa.

Basi nikapiga. Nilijipanga niseme maneno yako yale, nikayaandika hata kwenye kipande cha kadibodi. Akapokea mwanamume. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni "hujambo, bwana". Nilishikwa na haya, siwezi kueleza vingine. Akaniitikia vizuri sana. Akauliza kazi, nikasema njema. Akauliza watoto, nikasema wapo. Halafu akauliza, "Na mifugo, mzee, haijambo?"

Chiriku, mimi sina hata kuku.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Nikamsikiliza. Alikuwa anauliza huku ameangalia kitu kingine, kama fundi anayepima kiti huku mawazo yake yapo kwenye chakula. Mashamba? Majirani? Hali ya hewa? Nilipoanza kusema "nafunga," simu ikakatika. Nikapiga nyingine, mambo yakawa yale yale, na yule alitaka habari za shemeji zangu. Hawa watu hawanisalimii. Wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka muda uishe.

Nimekwenda kwenye ofisi ya malalamiko ya wateja, ile ya serikali iliyo juu ya benki. Afisa wake ni mama mmoja mkavu, haongei, anaandika. Akasema simu zote zinarekodiwa na nina haki ya kuomba zichezwe mbele yake. Nimesema naziomba zote, tangu Novemba. Nataka zile za Bi Tulivu hasa, ziwe mfano wa jinsi mhudumu anavyotakiwa kuwa, ili wale wengine waone aibu.

Mjomba wako


Chumbani,
22 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wazima wote.

Mjomba, tafadhali usiombe rekodi. Zinachukua muda mrefu kupatikana, nyingine hupotea, na kampuni ina mawakili, watakuzungusha mpaka Mei ipite. Nitailipa mimi hiyo ada. Nimeshaongea na mtu wa kunikopesha. Wewe futa malalamiko, nenda chama, chukua mashine yako. Nijibu upesi.

Chiriku


Karakana,
8 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, mimi sijambo, karakana haijambo. Fundi vitanda naye ameomba ile mashine ya chama, eti anataka kuanza kushona vichwa vya vitanda vya ngozi. Tumeacha kuazimana kalamu kwa muda.

Barua zako hunifikia kama mgonjwa anayetembea kwa fimbo. Hii ya mwisho ilikuja mbio. Mama yako alipoona bahasha upesi namna ile alidhani umefiwa na mtu au umeolewa.

Fedha zako sizitaki. Usichukue mkopo wa mtu kwa ajili yangu. Ningekuwa nadaiwa kweli ningelipa na kununa, unanijua. Lakini hawa nilikwenda kuwaaga kwa heshima, na heshima yangu ndiyo waliyoifanyia hesabu. Hilo linaniuma kuliko ada. Nikilipa, nitakuwa nimekubali kwamba kumsalimu mtu ni kosa la kulipiwa faini.

Shauri litasikilizwa katikati ya Aprili. Rekodi zimeshaombwa na kampuni imesema inazo.

Sasa nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Kuna jambo unalolijua huko ambalo hutaki kuniambia? Wanakutisha? Wamejua mimi ni mjomba wako? Kama ndivyo, niambie. Nitatafuta njia nyingine.

Mjomba


Chumbani,
30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sijambo. Mvua zimeanza huku, barabara ya nyuma ya nyumba imejaa maji, tunapita juu ya matofali. Nimemtumia Mama dawa ya kuchua goti kwa mizigo ya basi, achukue Ijumaa. Achue jioni, asichue asubuhi, na asiichanganye na ile ya jirani. Kuna sweta pia, ni kubwa kidogo kwa makusudi, aweze kuvaa juu ya nguo nyingine. Mwenye nyumba ameleta maji hatimaye.

Msalimie fundi vitanda.

Chiriku


Karakana,
18 Aprili

Chiriku,

Dawa ilifika, sweta lilifika, mama yako amelivaa na jua lote hili. Wote wazima.

Shauri limesikilizwa juzi. Nitakueleza lilivyokwenda.

Chumba ni kidogo, meza moja, feni moja, viti vya plastiki. Afisa mkavu alikaa katikati na kalamu zake. Upande wa pili alikuja bwana wa kampuni, mpole, kitambulisho shingoni, kompyuta mkononi, na kispika cha mezani. Alinisalimu nikamwitikia kwa kichwa. Sikuwa nataka tena salamu za watu wa simu.

Wakaanza na simu ya kwanza ya Novemba. Nikasikia nyundo za karakana, nikasikia sauti yangu, na kumbe nina sauti ya kizee namna ile. Kisha ikaja ya Bi Tulivu.

Unajua sikio langu. Nyundo zimelila miaka yote hii, na kwenye simu sauti zote za kike kwangu ni moja. Lakini kile kispika kilikuwa kizuri na chumba kilikuwa kimya. Nilikutambua kabla hujamaliza kusema karibu. Una kawaida ya kuvuta pumzi kabla ya kuuliza swali. Ulivuta hivyo hivyo ulipokuwa ukija kuniomba nauli ya shule.

Nikasikiliza. Unaniuliza kazi. Unaniuliza nyumba. Unaniuliza, "Na dada yako, mzee, goti limepungua?" Na mimi bwege nasema limepungua, ahsante mwanangu. Sikuwa nimetaja goti, Chiriku. Wala sikuwa nimetaja dada. Mle chumbani hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Wakacheza ya pili. Maneno ya hii nilikuwa nimeyasahau, lakini mashine haisahau. Najisikia nikisema, kwa majivuno kabisa, "Na mimi nina mpwa wangu hapo hapo kwenu, yuko hesabu, mtoto wa dada yangu. Tunamwita Chiriku. Humjui?"

Pakawa kimya. Bwana wa kampuni akaangalia kompyuta yake kama imekwama. Halafu ukasema, "Wafanyakazi ni wengi, mzee. Hongera kwa kuwa na mpwa. Na huko karakana wateja wanakuja?"

Nikaanza kukueleza wateja mmoja mmoja. Simu ikakatika.

Bwana wa kampuni akasema, kama mnavyosikia, mteja hakutamka hata mara moja kwamba anafunga laini, alikuwa akipiga soga na wahudumu wetu, na wahudumu walimvumilia. Ndivyo alivyosema, walinivumilia. Afisa akaniuliza kama nina ushahidi kwamba simu zilikatwa kwa makusudi. Sina. Kisha akaniuliza kama huyu mhudumu Bi Tulivu namfahamu nje ya simu, kwa sababu alionekana kujua mambo ya nyumbani kwangu. Kumbe naye aliliona lile la goti, alikuwa amenyamaza tu.

Nikasema simfahamu.

Nilisema hivyo usije ukamwaga unga kwa ajili ya ada yangu. Nilisema hivyo pia kwa hasira, na sijui hasira ilikuwa kiasi gani na huruma kiasi gani. Nikatoka nikarudi karakana nikavalisha kiti kizima kitambaa nje ndani, mwenyewe akaja akadhani ni mtindo mpya.

Afisa ametoa muda hadi mwisho wa Mei. Nisipoleta kitu kingine, ada inabaki, na wataliweka jina langu kwenye orodha ya wadaiwa. Chama kinakaa wiki hiyo hiyo.

Mama yako hajui. Nimemwambia mashine za kuchezea rekodi ziliharibika. Leo amemchemshia tarishi chai kwa birika lile.

Mjomba wako


Chumbani,
9 Mei

Shikamoo Mjomba,

Sitauliza habari za nyumbani katika barua hii. Utanielewa.

Sijawahi kukaa hesabu. Niliingia kwenye dawati la kufunga laini tangu siku ya kwanza. Mama aliwaambia watu ni hesabu kwa sababu niliandika "ofisini" naye akachagua ofisi, nami sikumsahihisha. Tuko sita kwenye dawati. Pembeni ya kioo cha kompyuta kuna saa inayohesabu kurudi nyuma. Ikifika mwisho simu inajikata, na simu ikijikata kabla mteja hajatamka kwamba anafunga, inahesabiwa kuwa tumembakiza. Ukutani kuna ubao wa majina. Anayebakiza wengi anaongezewa mshahara, anayebakiza wachache miezi miwili mfululizo anaondoka.

Mwaka jana nilikuwa wa mwisho kwenye ubao. Wenzangu walikuwa wanabishana na wateja, wanawatisha, mimi sikuweza. Nikagundua kwamba wazee wanasalimia. Nikaanza kuwaitikia, salamu kwa salamu, na kuongeza yangu kila walipotua, mpaka saa iishe. Hakuna aliyekasirika. Wengine walinishukuru. Mwezi huo nikawa wa kwanza. Msimamizi akanisimamisha mbele ya dawati niwafundishe wengine, na yule aliyekuuliza mifugo nilimfundisha mimi, hana kipaji. Birika lilitokana na hapo.

Uliponipigia nilikujua kwa zile nyundo, kabla hujasema neno. Ningeweza kukukatisha nikakuambia, Mjomba, sema unafunga. Msimamizi huwa anasikiliza simu bila sisi kujua ni ipi. Niliangalia saa. Nilijiambia utapiga tena utampata mwingine, yeye ndiye ataubeba mzigo huo. Ukapiga tena ukanipata mimi.

Goti niliuliza kwa kutaka kujua. Hilo tu ndilo halikuwa la kazi.

Barua yako ya Aprili nilikaa nayo siku kadhaa. Uliposema hunifahamu nilifurahi, niseme kweli, nilifurahi kwamba kazi imepona. Furaha hiyo haikufika jioni. Asubuhi nilikwenda kazini nikampokea bibi mmoja, akaniuliza, "Mama yako mzazi hajambo, mwanangu?" Nikamwambia, bibi, sema nafunga laini. Akasema. Nikaandika. Nikampokea mwingine nikamwambia hivyo hivyo. Nilifanya hivyo mpaka saa ya chakula, ndipo msimamizi akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

Kwa hiyo kazi sina. Nimechukua basi jana hadi kwenye ofisi ya malalamiko. Sikupita nyumbani, nisamehe, nisingeweza kumtazama Mama. Nimemweleza yule afisa kuhusu saa, ubao, na mafunzo ya salamu yalivyoanza, na kwamba yalianza kwangu. Nimesaini kwa jina langu na sio la Tulivu. Ameniuliza wewe ni nani kwangu. Nimemwambia akuulize wewe, maana wewe ndiye uliyesema hunifahamu, na sikutaka kukufanya mwongo bila idhini yako.

Nitakuwa hapa chumbani hadi mwisho wa mwezi, kodi ikiisha sijui.

Chiriku


Karakana,
2 Juni

Mpwa wangu Chiriku,

Hujambo? Kikohozi kimekuacha, kwa kuwa sasa umetoka kwenye ile baridi? Mwenye nyumba hakusumbui? Umekula nini leo? Nauliza na nangoja jibu, andika yote, hakuna saa hapa.

Mama yako anajua. Nilimsomea barua yako mwenyewe, nikaruka mstari mmoja wa birika, akaniambia rudi ulipopita. Hakulia. Alikwenda akaanua nguo zote zilizokuwa kavu na zisizokuwa kavu. Kisha akauliza kama yule bibi wa asubuhi alifungiwa laini yake kweli. Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akasema basi.

Niliitwa na afisa mkavu wiki iliyopita. Alinigombeza kama mtoto. Alisema nilimdanganya mbele ya mtu wa kampuni, na kwamba kwa kosa hilo angeweza kuyatupa malalamiko yangu yote pamoja na maelezo yako. Nilisimama tu nikasikiliza, nikajibu ndiyo mama, hapana mama. Bwana wa kampuni alikuwepo. Alijaribu kusema kwamba mjomba na mpwa wamekula njama, na kwa kweli kwa dakika chache nilidhani nimejimaliza mwenyewe. Afisa akamuuliza swali moja: hiyo saa ipo au haipo? Akasema ipo kwa ajili ya ubora wa huduma. Mteja anaiona? Akasema haioni. Afisa akaandika.

Ada imefutwa. Laini imefungwa, kwa karatasi, bila simu. Kampuni imeamriwa iwatafute wote waliokatiwa simu tangu mwaka jana, na bwana yule alitoka bila kumuaga mtu.

Mashine sikupata. Majibu yalitoka siku mbili baada ya chama kukaa, na mashine amepewa fundi vitanda. Nilinuna siku nzima. Jana alikuja mwenyewe, akasema viti vya hospitali ni vingi kuliko vitanda vyake, nishonee kwake siku zile ambazo hana kazi, tugawane. Nimekubali, ingawa anataka nimsikilize akiimba. Mtu wa pili anahitajika wa kukata vitambaa na kuongea na hospitali, maana mimi wakinipigia siwasikii.

Lakini nilitaka kukueleza mwisho wa ile siku. Bwana wa kampuni alipokwishatoka, afisa alivuta fomu yake. Akasema kumbukumbu yangu ya Aprili lazima irekebishwe, kwa sababu imeandikwa mhudumu na mlalamikaji hawafahamiani. Akanitazama juu ya miwani. "Mzee, hapa panapouliza uhusiano, niandike nini?"

Nilikuwa na hasira bado, Chiriku. Ninayo hata sasa, sitaki kukuficha, na ukija utaiona. Nilikaa pale nikaisikia ile pumzi yako kwenye kispika, na kimya chako, na ile hongera uliyonipa.

Nikamwambia, andika mpwa wangu. Akaandika. Nikamwambia, andika mtoto wa dada yangu, niliyemlea mimi. Akasema nafasi haitoshi. Nikamwambia, mama, andika pembeni.

Akaandika pembeni.

Mabunda ya vitambaa nimeyatoa chumbani kwako, nimeyapanga karakana. Tuandikie unakuja na basi la siku gani, tuje tukupokee.

Mjomba wako